NFS toleo la 4 na makufuli yake ya faili: tathmini kutoka ofisi ya mizigo ya Tanga

Bidhaa ninayoitathmini hapa haiuzwi dukani. Ni NFS toleo la 4, mfumo wa kushirikisha mafaili kwa njia ya mtandao kama unavyokuja ndani ya Linux, pamoja na amri ndogo ya flock inayotumika kuomba kufuli, yaani haki ya kulishika faili peke yako kwa muda, kabla ya kuandika. Nimeitumia katika ofisi ya wakala wa forodha hapa Tanga, ambako seva mbili huandika katika mafaili yaleyale kwa wakati mmoja, na nimeipima kwa jambo moja: inafanya nini siku ile ya nadra ambapo seva zote mbili zinalitaka faili moja katika nukta ileile. Hukumu yangu naitanguliza. Kwa kazi hiyo ni bidhaa nzuri, bora kuliko sifa iliyonayo miongoni mwa mafundi, mradi itumiwe katika toleo la 4.1 au la juu yake, ipachikwe (yaani iunganishwe kwenye kila seva) kwa vigezo sahihi, na programu zinazoitumia ziwe tayari kupokea habari kwamba kufuli limepotea.

Ofisi yenyewe, ambayo sitaitaja kwa jina, ipo Chumbageni, na kazi yake ni kugomboa mizigo bandarini kwa niaba ya wenye mali na kuandaa karatasi za marobota ya katani yanayosafirishwa nje. Tangu gati za bandari ya Tanga zilipoongezwa kina, meli zikaanza kufunga gatini badala ya kutia nanga mbali na kushushia mizigo kwenye matishari, kazi ya makarani imebadilika mwendo: zamani mzigo ulifika pwani kidogo kidogo na maandishi yake yakaufuata kidogo kidogo, ilhali sasa meli ikifunga, karatasi za mzigo wote humiminika mezani kwa pamoja. Makarani wa ofisini huandika kupitia seva ya kwanza, na walio bandarini na ghalani huandika kupitia ya pili, mgawanyo uliowekwa makusudi ili moja ikizimika nyingine iendelee. Mafaili hayakai kwenye seva yoyote kati ya hizo. Yapo kwenye mashine ya tatu, ambayo nitaiita mashine ya hifadhi, na ndiyo inayoyatoa kwa zote mbili. La muhimu kuliko yote ni daftari la siku, yaani faili la maandishi matupu lenye mstari mmoja kwa kila mzigo uliopokelewa, ambalo jioni husomwa na programu ya hesabu ili kutengeneza ankara.

Programu ya kuandikisha mizigo, ambayo ofisi iliinunua kabla sijaanza kuihudumia, ilikuwa ikilifungua daftari kwa namna ya kuongeza mwishoni, inaandika mstari, kisha inalifunga. Kwenye diski ya mashine moja utaratibu huo hauna hatari, kwa sababu kerneli yenyewe, yaani kiini cha Linux, huhakikisha kwamba kila anayeongeza anaanzia pale mwenzake alipoishia. NFS haina agizo la namna hiyo. Itifaki yake, yaani kanuni za mazungumzo kati ya mashine, inajua kuandika mahali palipotajwa kwa namba ya baiti, haijui kuandika mwishoni popote mwisho ulipo. Kwa hiyo kila seva huangalia kwanza faili lina urefu gani, kisha hutuma maandishi yake yawekwe hapo. Seva mbili zikiangalia karibu wakati mmoja zitapata jibu moja, na itakayoandika ya pili itafuta mstari wa iliyotangulia. Hakuna skrini itakayoonyesha kosa. Ukurasa wa mwongozo wa Linux unaohusu kufungua mafaili unaonya waziwazi juu ya jambo hili, lakini onyo hilo halimfikii mwenye ofisi anayenunua programu ya kuandikishia mizigo, na inaonekana halikumfikia aliyeitengeneza.

Nafasi ya makarani wawili kugongana namna hiyo ni sehemu ndogo ya sekunde, na siku isiyo na meli jambo lenyewe halitokei kabisa. Ndiyo maana lilichelewa kuaminika. Mstari ulipopotea, lawama ilimwangukia karani, kwa kuwa mashine haikuwa imetoa kosa lolote na yeye hakuwa na ushahidi wa kujitetea. Mzee mmoja wa ghalani aliniambia kwa uchungu, “Mwanangu, gari lile nililiandika kwa mkono wangu mwenyewe na nikaliona limeingia,” na alikuwa akisema kweli: lilikuwa limeingia, likakaa muda mfupi usioonekana kwa jicho, likafutwa na mstari uliotoka seva ya pili. Nalieleza hili mapema kwa sababu ndilo lililoweka kipimo cha tathmini yote. Mgongano unaotokea kila saa hurekebishwa wiki hiyohiyo kwa maana kila mtu anauona, ilhali ule wa mara chache kwa mwaka humwangukia mnyonge wa ofisi na kumwachia jina baya. Mfumo ninaoutaka ni ule unaozuia mgongano, na pale usipoweza kuuzuia, useme waziwazi kwamba kuna jambo limeharibika.

NFS ina umri mkubwa. Kampuni ya Sun Microsystems iliibuni mwaka 1984, na kwa miaka mingi itifaki yenyewe haikuwa na makufuli ndani yake. Hata katika toleo la 3, lililochapishwa mwaka 1995, kufuli liliombwa kupitia huduma ya pembeni, ikisaidiwa na huduma nyingine iliyofuatilia ni mashine ipi imezimika na kuwaka upya. Udhaifu wa mpango huo ni kwamba seva iliyokufa ikiwa imeshika kufuli, kisha isiwake tena, hubaki nalo. Kufuli halina ukomo, na anayelisubiri atasubiri mpaka fundi aje kulivunja kwa mkono. Sifa mbaya ambayo NFS inayo hadi leo, kwamba makufuli yake hayaaminiki, ilitokana na enzi hizo, na kwa enzi hizo ilikuwa stahili yake.

Toleo la 4, lililochapishwa kwanza mwaka 2000 na kurekebishwa mwaka 2003, liliyaingiza makufuli ndani ya itifaki na kuyawekea muda. Seva hairuhusiwi kumiliki kufuli milele. Hupewa kulishika kwa kipindi maalumu, ambacho kwa kawaida ya Linux ni sekunde 90, na kipindi hicho huongezwa kila inapowasiliana na mashine ya hifadhi. Ikinyamaza kupita hapo, mashine ya hifadhi ina haki ya kumpa kufuli mwingine. Kwa fundi anayelinda mtandao kuna nafuu ya ziada, kwamba kila kitu hupita kwenye mlango mmoja, namba 2049, badala ya msururu wa huduma za toleo la 3 ambazo kila moja ilidai kufunguliwa njia yake kwenye faiwoli.

Ipo faida nyingine ambayo naona haisemwi vya kutosha. Kwa kawaida kila seva hutunza kwake kumbukumbu ya ilichokisoma, na taarifa za faili, ukiwamo urefu wake, huweza kuwa za zamani kwa sekunde 3 hadi 60 kulingana na vigezo. Seva inapopata kufuli hulazimika kuthibitisha upya hali ya faili, na kabla ya kuliachia hulazimika kupeleka kwenye mashine ya hifadhi maandishi yote yaliyokuwa yamebaki mkononi mwake. Kwa hiyo anayeshika kufuli anauona mwisho wa kweli wa daftari, na kile kisa cha seva mbili kupata urefu uleule hakiwezekani tena. Kufuli hapa linafanya kazi mbili, ya kuzuia na ya kuleta habari mpya, na bila ile ya pili ile ya kwanza isingetosha.

Majaribio niliyafanya usiku, ofisi ikiwa imefungwa, kwa kutumia daftari la bandia. Kwanza niliziachia seva zote mbili programu ndogo iliyoongeza mistari yenye namba mfululizo kwa kasi ambayo karani hawezi kuifikia, bila kufuli lolote. Mistari ilipotea, na mingine ilikatwa katikati ikaunganishwa na nusu ya mstari mwingine, hali ambayo ni mbaya kuliko kupotea, kwa sababu inaweza kuzaa namba ya kontena isiyokuwapo duniani. Kisha nikaweka kufuli kuzunguka kila uandishi, na namba zote zikatoka kamili kila niliporudia. Kasi ilishuka sana, kwa maana kila mstari sasa unagharimu safari kadhaa za kwenda na kurudi mtandaoni. Lakini katika ofisi ambayo kujaza fomu moja huchukua dakika nzima, upungufu huo haumfikii mtu.

Jaribio lililonishawishi hasa lilikuwa la kukata mawasiliano. Hali hii si ya kubuni hapa kwetu: hewa ya chumvi ya pwani hula viunganishi vya waya, na swichi ya bei nafuu iliyowekwa karibu na dirisha linalotazama bahari haichukui muda mrefu kabla ya kuanza kuyumba. Seva ya kwanza ikiwa imeshika kufuli, niliung'oa waya wake wa mtandao, nikasubiri. Kipindi kilipokwisha, seva ya pili ilipewa kufuli, ikaandika, ikaliachia. Nikaurudisha waya. Hapo ndipo penye swali lenyewe: seva ya kwanza, ambayo bado inaamini kwamba kufuli ni lake na ina mstari mkononi unaosubiri kuandikwa, itafanya nini?

Kabla ya kerneli ya Linux 3.12, iliyotoka mwaka 2013, ingeweza kulipoteza kufuli na kulipata tena bila programu kujua chochote, kisha ikaandika juu ya kazi ya mwenzake, na tungerudi palepale kwa mzee wa ghalani. Tangu toleo hilo, programu inayodhani ina kufuli hukataliwa: kila inapojaribu kusoma au kuandika katika faili hilo hurudishiwa kosa, mpaka ilifunge na kulifungua upya. Ndivyo ilivyokuwa kwangu. Programu ya majaribio ilisimama ikitoa kosa la EIO, yaani kosa la kusoma au kuandika, na daftari la bandia likabaki na mstari wa seva ya pili ukiwa mzima. Kipo kigezo cha kerneli kinachoitwa nfs.recover_lost_locks, ambacho hurudisha tabia ya zamani, na sioni sababu ya ofisi yoyote inayotunza mali za watu kukiwasha. Kuanzia kerneli 5.19 ya mwaka 2022 mashine ya hifadhi imekuwa na subira zaidi, kwani kipindi kikipita hailivunji kufuli papo hapo, hulitunza mpaka atokee mwingine anayelitaka. Kwa waya unaoyumba hii ni nafuu kubwa: mkatiko ambao haukugongana na mtu yeyote hauleti tena kosa, na ule uliogongana unaleta. Sikutarajia kukuta busara ya kiwango hicho katika kitu kinachotolewa bure.

Sasa malalamiko, na la kwanza ni zito. Kosa la EIO ni lilelile linalotolewa diski inapoharibika. Karani anayeona maneno ya kwamba kusoma au kuandika kumeshindikana hawezi kujua kama kufuli limepotea au kama diski imekufa, na hata fundi hulazimika kwenda kusoma kumbukumbu za kerneli ili atofautishe. Mbaya zaidi, kosa hilo si lazima litokee pale programu inapotuma mstari. NFS hukusanya maandishi kabla ya kuyapeleka, hivyo kosa linaweza kujitokeza wakati wa agizo la fsync, lile la kulazimisha maandishi yafike diskini, au wakati wa kulifunga faili, na programu nyingi za biashara nilizowahi kuzifungua hazisomi kabisa jibu la agizo la kufunga faili. Mfumo unasema, programu haisikilizi, na matokeo kwa karani ni yaleyale ya zamani. Hapa lawama siitupi kwa NFS, lakini anayeichagua ajue kwamba nusu ya usalama wake ipo mikononi mwa mwandishi wa programu.

Suluhisho letu lilikuwa kuandika upya kipande kinachoandikisha mzigo. Kila mstari sasa una kitambulisho chake, kinachoundwa kwa jina la seva na namba inayopanda. Programu huomba kufuli, huandika, huamuru maandishi yafike diskini kwa fsync, na hukubali kwamba kazi imekamilika pale tu maagizo yote, hadi la kufunga faili, yanapojibu salama. Likitokea kosa, hulifunga faili, hulifungua upya, huomba kufuli tena, husoma mistari ya mwisho kutazama kama kitambulisho chake tayari kimo, na huandika tu ikiwa hakimo. Hatua hiyo ya kusoma kwanza ni ya lazima, kwa sababu kosa halina maana kwamba mstari haukufika. Inawezekana ulifika na ni jibu lake lililopotea njiani. Asiyeiweka ataondokana na mistari inayopotea na kupata mizigo iliyoandikwa mara mbili, na mteja anayetozwa mara mbili hana uvumilivu kuliko yule ambaye gari lake halionekani daftarini.

Amri ya flock, inayokuja na kifurushi cha util-linux, nimeipenda kwa unyenyekevu wake: inazungushwa kwenye amri yoyote iliyopo bila kuigusa ndani. Kigezo cha -w huweka sekunde za kusubiri, na -E huchagua namba ya matokeo itakayorudishwa kufuli lisipopatikana, ambayo ni muhimu, kwa kuwa bila hiyo hurudishwa 1, namba ambayo amri nyingi huitumia kwa makosa yao ya kawaida, na hutajua kilichoshindwa ni kufuli au ni kazi yenyewe. Zipo tahadhari mbili ambazo mwongozo unazipitia haraka mno. Faili la kufuli lisifutwe baada ya kazi, kwa sababu anayesubiri anaweza kuwa ameshika lile lililofutwa huku mwingine akiunda jipya lenye jina lilelile, na wote wawili wakajiona wana haki. Pia amri iliyofungiwa ikiacha mchakato nyuma yake ukiendelea kufanya kazi, mchakato huo hurithi kufuli na kulishikilia, na ofisi nzima itasubiri kitu ambacho hakionekani.

Mtego mkubwa zaidi niliukuta kwenye mashine ya hifadhi yenyewe. Tangu kerneli 2.6.12 ya mwaka 2005, flock inayoombwa kupitia NFS hugeuzwa kuwa kufuli la aina nyingine, lile la fcntl (agizo jingine la kuomba kufuli), linalofunika faili zima. Kabla ya hapo ilikuwa ikifunga ndani ya mashine iliyoiomba tu, na seva ya pili haikuwa na habari. Mageuzi hayo ni mema, lakini yana upande wa pili. Kwenye diski ya kawaida, makufuli ya flock na ya fcntl hayatambuani. Hivyo kazi ya kunakili akiba, iliyokuwa ikiendeshwa usiku moja kwa moja kwenye mashine ya hifadhi na kuomba flock kwa adabu zote, ilipewa kufuli mara moja hata seva zilipokuwa zimelishika, na ikanakili daftari lililokuwa katikati ya kuandikwa. Hakuna kosa, hakuna onyo. Dawa yake ni ama kazi hiyo iendeshwe kutoka kwenye moja ya zile seva mbili, kupitia NFS kama wengine, ama iandikwe itumie fcntl. Tulichagua njia ya kwanza, kwa kuwa fundi atakayekuja baadaye ataielewa bila kuelezwa. Katika tathmini nzima hili ndilo jambo lililonisikitisha, maana linakwenda kinyume kabisa na uwazi nilioupongeza hapo juu, na lipo katika njia ambayo fundi mwangalifu ataipita akiamini amejilinda.

Kuhusu vigezo vya kupachika nina neno fupi. Kipo kigezo cha soft, ambacho huiruhusu seva kukata tamaa mashine ya hifadhi isipojibu, na wapo wanaokipenda kwa kuwa skrini hazigandi. Mwongozo wenyewe unasema kwamba kinaweza kuharibu data bila taarifa. Kwa daftari la mizigo tumia hard, ambacho ndicho cha kawaida, na ukubali kwamba mtandao ukikatika karani atasubiri.

Kusubiri kupo pia mashine ya hifadhi inapowashwa upya. Kwa sekunde 90 za kwanza hutoa nafasi kwa waliokuwa na makufuli kuyadai tena, na maombi mapya hukataliwa kwa wakati huo ili pasiwepo atakayemwahi mwenye haki yake. Dakika moja na nusu ofisi nzima ikitazama skrini zilizosimama, huku dereva wa lori akipiga honi nje, ni muda mrefu, na kabla ya kuelezwa sababu, mhasibu alikuwa tayari kuiamuru mashine izimwe tena. Utaratibu wenyewe nauona wa haki. Ukihitaji, kipindi kinaweza kupunguzwa, lakini kukipunguza ni kupunguza pia muda ambao mkatiko mfupi wa waya unavumiliwa, na kwa mazingira yetu ya pwani nimekiacha kilivyo.

Kuna tofauti pia kati ya 4.0 na 4.1, iliyochapishwa mwaka 2010. Katika 4.0 seva inayosubiri kufuli huuliza, hupumzika, huuliza tena, na pumziko huongezeka hadi sekunde 30, kiasi kwamba kufuli linaweza kuwa wazi na mwenye kulisubiri bado amelala. Wala hakuna foleni, anayefika mwisho akibahatika huingia kwanza. Toleo la 4.1 linairuhusu mashine ya hifadhi kumjulisha anayesubiri, na linaweka kumbukumbu ya majibu, ili ombi lililorudiwa kwa sababu jibu lilipotea lisitekelezwe mara ya pili. Hili la pili lina uzito hasa katika kubadili majina ya mafaili, kazi ambayo katika matoleo ya zamani iliweza kuripoti kushindwa hali imeshafanikiwa. Sioni sababu ya kubaki na 4.0 kwenye mashine inayoweza 4.1.

Kuna kazi ambazo sizipi mfumo huu kabisa. Ofisi ilikuwa imeweka faili la SQLite kwenye hifadhi hiyohiyo kwa ajili ya namba za ankara. SQLite ni hifadhidata bora ndani ya mashine moja, lakini waandishi wake wenyewe wanaonya juu ya kuitumia kupitia mafaili ya mtandao, na mtindo wake wa WAL, wa kuandika mabadiliko kwanza kwenye faili la pembeni, ulioongezwa mwaka 2010, unadai michakato yote iwe kwenye mashine moja kwa sababu inashirikiana kumbukumbu. Namba za ankara haziruhusiwi kujirudia wala kurukwa, na kwa kazi ya namna hiyo nilichagua PostgreSQL, hifadhidata inayoendeshwa kama huduma, ambako seva mbili huongea na mfumo mmoja unaoamua nani atangulie, na faili haliguswi na yeyote mwingine. Anayeuliza kwa nini basi daftari la siku nalo lisihamishwe ana hoja nzuri, na ofisi yenye fundi wa kudumu ningeishauri ifanye hivyo. Hapa makarani wamezoea kulifungua daftari kwa macho yao, kulichapisha jioni na kulitia sahihi, na programu ya hesabu inalisoma likiwa faili la maandishi. Kulihamisha kungedai kubadilisha programu tatu ili kutatua tatizo ambalo kufuli linalitatua.

Kwa gharama, hakuna leseni ya kununua. Kilicholipwa ni kazi ya fundi, swichi mpya iliyowekwa mbali na dirisha, na viunganishi vya waya vilivyobadilishwa. Kwa ofisi zenye seva mbili au tatu katika jengo moja, zinazoandika mafaili machache na zenye mtu wa kuzirekebisha programu zake, ningeichagua tena bila kusita. Kwa ofisi inayotumia programu iliyofungwa, ambayo msimbo wake hauonekani, siipendekezi mpaka muuzaji ajibu kwa maandishi programu yake inafanya nini pale agizo la fsync au la kufunga faili linaporudi na kosa, na jibu hilo lijaribiwe mbele yake kwa kuung'oa waya wa mtandao kwa zaidi ya sekunde 90 huku seva ya pili ikiliomba kufuli lilelile.